Hale End: Vile Arsenal Huunda Kina Saka, na Kwa Nini Watoi Wengi Hawafiki Timu Kubwa

Kama kuna shabiki wa Tottenham kwa base yenu, mwulize Novemba 23, 2025 alikuwa wapi. Siku hiyo Eberechi Eze aliwafunga mabao matatu peke yake pale Emirates, game ikaisha 4-1, na wasee wa Gunners wakapost status mpaka bundles zikaisha. Lakini kuna part ya hiyo story haikuongelewa sana. Eze alikuwa mtoi wa Arsenal. Akademi yao ilimwachilia akiwa na miaka 13. Akaenda Fulham, wakamwacha. Reading, wakamwacha. Millwall, hivyo hivyo. QPR ndio walimshika mkono, Crystal Palace wakamchukua 2020, halafu Agosti 2025 Arsenal wakarudi na kama pauni milioni 60 kununua msee ambaye walikuwa naye kwa nyumba.

Na hiyo si mara ya kwanza. Harry Kane pia alipitia Arsenal akiwa mdogo, akaachwa baada ya msimu mmoja, akaenda Watford kidogo kisha Spurs. Huko akafunga mabao 280, rekodi ya klabu. Watu wa Arsenal hawapendi kukumbushwa, kwa hivyo tumekumbusha mara moja na tumesonga.

Sasa wewe ujiulize: hii ni akademi imetoa Ashley Cole, Jack Wilshere, Bukayo Saka na Myles Lewis-Skelly. Inakosaje mtu kama Kane? Na ikipatia, huwa inapatia vipi? Hapa chini tumekupangia vile mambo huenda, kutoka mtoi wa miaka 8 mpaka jezi ya timu kubwa.

Hale End ni wapi

Iko mashariki ya London, upande wa Walthamstow. Ni uwanja wa mazoezi wa watoi, kuanzia wa chini ya miaka 9 hadi wa chini ya miaka 16. Ukifika hapo juu na klabu ikiamua kukushikilia, unahamia London Colney, kaunti ya Hertfordshire, na hapo ndipo timu kubwa pia hufanyia mazoezi. Yaani kuanzia miaka 16 unaweza kuona magari ya kina Ødegaard kwa parking kila asubuhi. Wengi huwa hawafiki karibu zaidi ya hapo.

Watoi wa Hale End wengi hulala kwao. Si kama bording. Saka alikuwa anatoka Greenford, magharibi kabisa ya London, kuvuka jiji hadi mashariki, mzae wake akimpeleka. Chukulia ni kama kutoka Kikuyu mpaka Ruai jioni, jam ikiwa ile ya mvua, halafu urudi, na kesho shule iko. Wiki baada ya wiki, miaka na miaka. Ukiskia mtu akisema huyo kijana ni kipaji tu, mwambie kuna mzazi pia alikuwa kwa usukani.

Arsenal kutoa watoi wao si kitu ya juzi. Ile timu ilishinda ligi kule Anfield Mei 26, 1989, na Michael Thomas akafunga bao la pili dakika za mwisho kabisa, ilikuwa imejaa vijana wa klabu: Thomas mwenyewe, Tony Adams, David Rocastle, Paul Merson. Adams aliingia akiwa mwanafunzi 1980 na akastaafu 2002 bila kuvaa jezi ya klabu ingine. Liam Brady ndiye alisimamia akademi kutoka 1996 hadi 2014. Per Mertesacker, yule beki mrefu Mjerumani, alistaafu 2018 na moja kwa moja akachukua hiyo kazi. Kwa hiyo kazi alisisitiza shule na tabia kwa sababu hesabu aliijua: wengi wa hao vijana wangehitaji kitu kingine cha kufanya na maisha yao.

Ngazi zenyewe

Mtoi anaruhusiwa kusajiliwa rasmi na akademi ya Uingereza kuanzia kikosi cha chini ya miaka 9. Kabla ya hapo anaweza kuwa anakuja tu kucheza, hakuna karatasi.

Kutoka hapo kila baada ya muda kuna kikao. Mzazi anaitwa, kocha anaongea, mnaambiwa kama mtoi anaendelea ama safari imeishia hapo. Hii ndiyo siku kila familia huogopa. Eze alishaisema hadharani, akiwa mtu mzima na pesa yake, kuwa kuachwa na Arsenal kulimuuma sana. Na huyo ni mwenye alifaulu.

Ukiwa 16 kuna mlango mkubwa: unapewa skolashipu ya miaka miwili ama unarudishwa nyumbani. Ukiwa 17 unaweza kusaini mkataba wa kwanza wa kulipwa kama mchezaji. Halafu kuna timu ya chini ya miaka 18, timu ya chini ya miaka 21, na juu ya hapo ni Mikel Arteta.

Mfumo huu wote ulipangwa upya 2012, ligi ilipoleta mpango wa kuinua akademi na kuzigawa kwa madaraja manne. Arsenal wako daraja la kwanza, kama klabu karibu zote kubwa. Mpango huo pia uliweka bei maalum ya fidia mtoi akihama akademi moja kwenda ingine, na hapo klabu ndogo zikaumia, kwa sababu bei ni ya chini na wakubwa wanaweza kuja kuchota. Brentford walichoka na hiyo mchezo, 2016 wakafunga akademi yao kabisa. Walisema haina haja kulea watoi wa kupokonywa.

Lakini usidhani wakubwa wako salama. Chido Obi alikuwa Hale End, na Novemba 2023 alifunga mabao 10 kwa game moja dhidi ya Liverpool, vijana wa chini ya miaka 16, ikaisha 14-3. Kumi. Mwaka uliofuata akavuka kwenda Manchester United. Ayden Heaven naye akamfuata huko mapema 2025. Watu wa United mkipata nafasi ya kucheka, chekeni, maana hazikuwa nyingi msimu huo.

Shida si kipaji, shida ni namba

Hapa ndio ningetaka uweke simu vizuri usome.

Fans wengi hufikiria hivi: mtoi akiwa mkali, kocha anamwona, anamweka. Ingekuwa rahisi hivyo, kila mwaka kungekuwa na Saka mpya. Ukweli ni kwamba watoi wakali wako wengi kuliko nafasi. Timu kubwa ina watu 11 kwa uwanja, na hao 11 wamenunuliwa kwa mamilioni, wana mishahara mikubwa, na kocha akipoteza game tatu anaanza kuulizwa maswali. Kocha gani ataweka mtoi wa miaka 18 hapo kwa hiari yake?

Kwa hivyo ukiangalia vile vijana wa Hale End waliingia, karibu kila mmoja aliingia kupitia shida ya mtu mwingine.

Anza na Saka. Game yake ya kwanza ilikuwa Novemba 29, 2018, Europa League dhidi ya Vorskla ya Ukraine, akiwa 17. Lakini kuingia kweli kweli kulikuwa msimu wa 2019-20, na aliingia kama beki wa kushoto. Beki! Msee ni winga tangu utotoni. Kieran Tierney na Sead Kolašinac walikuwa na majeraha, kwa hiyo mtoi akaambiwa asimame hapo. Angekataa, ama angecheza vibaya kwa sababu si namba yake, pengine leo tungekuwa tunamjua kama mchezaji mzuri wa klabu ya katikati ya jedwali.

Emile Smith Rowe je? Desemba 26, 2020, Arsenal walikuwa wamekaa game saba za ligi bila kushinda, Arteta alikuwa anachungulia mlango wa kutokea, na Chelsea ndio walikuwa wanakuja. Akamweka Smith Rowe nyuma ya mshambuliaji. Ikaisha 3-1. Kijana akabaki kwa kikosi, na kocha akabaki na kazi.

Ethan Nwaneri ana rekodi ya mchezaji mdogo kuliko wote kuwahi kucheza ligi kuu ya Uingereza: miaka 15 na siku 181, Septemba 18, 2022, dhidi ya Brentford. Vichwa vya habari vilikuwa kila mahali. Halafu nini? Halafu akarudi kwa vijana, karibu miaka miwili hakuna mtu anamtaja. Alianza kupata dakika za maana msimu wa 2024-25, baada ya Ødegaard kuumia kifundo cha mguu, kisha Saka naye akapata jeraha la paja Desemba. Nwaneri akamaliza msimu na mabao 9 kwa mashindano yote. Rekodi ilimpa jina tu. Majeraha ya wenzake ndiyo yalimpa uwanja.

Na Lewis-Skelly ni story ile ile ya Saka, imerudiwa. Alilelewa kama kiungo. Msimu huo huo mabeki wa kushoto wakawa wanaumia kwa zamu, akapelekwa hapo, akakaa. Februari 2, 2025 Arsenal waliipiga Manchester City 5-1, yeye akafunga moja na kukaa chini kama anatafakari, vile Haaland hufanya, na Nwaneri akafunga la tano. Machi mwaka huo akaichezea Uingereza mara ya kwanza dhidi ya Albania na akafunga, mdogo kuliko wote kuwahi kufunga kwa game yake ya kwanza ya taifa hilo.

Sasa angalia kitu kimoja. Hao wawili, Nwaneri na Lewis-Skelly, walikuwa kwa timu ya Arsenal iliyofika fainali ya kombe la vijana la FA Aprili 2023. West Ham waliwachapa 5-1, tena Emirates. Ukienda kwa matokeo ya siku hiyo, ungesema West Ham ndio wana watoi wa kesho. Miaka miwili baadaye ni hao wa Arsenal walikuwa wanaanza game za Champions League. Ndio maana watu wa akademi hawaangalii sana vikombe vya vijana. Wanaangalia nani anaweza kubeba namba tofauti, nani anasikia haraka, na nani yuko karibu mlango ukifunguka.

Shida ni kwamba mlango hufunguka na pia hufungwa. Kiangazi cha 2025 Arsenal walinunua Noni Madueke na Eze. Wote wawili wanacheza sehemu zile Nwaneri alikuwa anapata dakika. Kijana hakuwa amefanya kosa lolote. Timu inataka kikombe, kocha anataka watu wawili kwa kila namba, basi.

Max Dowman ndiye wa kufuatilia sasa. Amezaliwa Desemba 31, 2009. Agosti 2025 aliingia dhidi ya Leeds akiwa na miaka 15 na siku 235, akasababisha penalti, na Novemba 4 akawa mdogo kuliko wote kuwahi kucheza Champions League, kule Prague, miaka 15 na siku 308. Kuna watu wa rika lake hapa walikuwa Form Two wakati huo. Kila mtu anasema huyu ni wa ajabu, na kwa macho yangu ni kweli. Lakini anacheza winga ya kulia, na winga ya kulia ya Arsenal ina mwenyewe. Huyo mwenyewe pia alitoka Hale End.

Kupelekwa mkopo

Kama namba haipatikani, unatumwa nje ukajaribiwe na watu wazima. Wilshere alienda Bolton Januari 2010, akarudi mtu mwingine. Smith Rowe alienda Leipzig akaumia, kisha Huddersfield, na Huddersfield ndiyo ilimfungua macho. Folarin Balogun alienda Reims Ufaransa msimu wa 2022-23, akafunga mabao 21 ya ligi, na hapo ikawa wazi kwamba ataondoka, kwa sababu bei yake ilikuwa imepanda kuliko nafasi yake kwa timu. Joe Willock alifunga game saba mfululizo akiwa mkopo Newcastle 2021. Newcastle wakalipa, wakamchukua kabisa.

Mkopo ni mtihani, lakini pia ni soko. Usisahau hiyo.

Ganji

Alex Iwobi kwenda Everton 2019. Willock Newcastle 2021. Balogun Monaco 2023. Smith Rowe Fulham na Eddie Nketiah Palace, wote 2024. Kila mmoja aliuzwa kwa takriban pauni milioni 20 kwenda juu. Hakuna hata mmoja alikuwa amefeli. Nketiah kwanza Chelsea ndio walimwacha akiwa kijana, Arsenal wakamwokota, wakamlea, wakamuuza kwa milioni 25 na zaidi. Hiyo ni biashara.

Na kuna sababu ya vitabu vya hesabu inayofanya klabu za Uingereza zipende kuuza watoi wao. Ukinunua mchezaji kwa milioni 50 kwa mkataba wa miaka mitano, kwa vitabu unaandika gharama ya milioni 10 kila mwaka. Ukimuuza baada ya miaka miwili kwa milioni 40, faida yako ni milioni 10 tu, kwa sababu bado kuna milioni 30 hujamaliza kuandika. Mtoi wa akademi hakununuliwa. Kwa vitabu bei yake ni sufuri. Ukimuuza kwa milioni 30, milioni 30 yote ni faida, na sheria za ligi kuhusu hasara zinaipokea vizuri sana. Ndio Chelsea walimuuza Mason Mount kwa United 2023 na mashabiki wao wakalia.

Kwa hivyo mtoi wa klabu ana kazi mbili bila kuambiwa: kuwa mchezaji, na kuwa akiba. Mimi naona hii sheria imekaa vibaya, kwa sababu inafanya yule fans wanampenda zaidi ndiye awe rahisi kuuzwa.

Kuna upande wa pili unaowalinda kidogo. Kwa kikosi cha wachezaji 25 wa ligi kuu, wale hawakulelewa Uingereza hawafai kuzidi 17. Na walio chini ya miaka 21 hawahesabiwi kwa hiyo 25. Kwa hivyo kijana wa Hale End ni nafasi ya bure kwa orodha, na kocha huipenda hiyo.

Na mtoi wa Nairobi je?

Hii ndiyo swali hutumwa sana, kwa hivyo tulia kabisa.

Kama una bro mdogo anapiga boli Umoja, Kawangware ama Likoni, na kuna msee amekuja na suti akisema ana konekshen ya majaribio Arsenal, mtoi akiwa na miaka 15, na familia itoe kitu kidogo ya viza na usajili, huyo ni tapeli. Hatuhitaji kumjua. FIFA inakataza uhamisho wa kimataifa wa mchezaji wa chini ya miaka 18, ila kwa hali chache, kama wazazi wamehamia nchi hiyo kwa sababu zisizohusu mpira. Zamani klabu za Uingereza zilikuwa zinatumia mlango wa Ulaya, ambako miaka 16 ilikubaliwa, na ndivyo Cesc Fàbregas alitoka Barcelona 2003. Tangu Januari 2021, baada ya Uingereza kutoka Umoja wa Ulaya, hata huo umefungwa. Kama mtoi wa Madrid haruhusiwi, wa Mathare ataruhusiwa na nani?

Ukishafika 18, kuna kibali cha kazi kinachohesabiwa kwa pointi: mechi za timu ya taifa, kiwango cha nchi yako kwa FIFA, ligi unayotoka. Harambee Stars kwa jedwali la FIFA mnajua tuko wapi. Ndio maana Victor Wanyama alipitia Sweden, Ubelgiji na Scotland kabla ya kufika Southampton 2013 na kuwa Mkenya wa kwanza kucheza ligi kuu ya Uingereza. Divock Origi aliingia akademi ya Genk akiwa mdogo kwa sababu alizaliwa Ubelgiji, ambako mzae wake Mike Okoth alikuwa anacheza.

Hapa kwetu mfano uliowahi kufanya kazi ni MYSA ya Mathare, iliyoanza 1987. Kule timu ya watoi ilipata pointi za ligi pia kwa kusafisha mtaa, si kwa mabao pekee. Ikazaa Mathare United, na Mathare United ikatoa Dennis Oliech, halafu 2008 ikashinda ligi kuu ya Kenya. Hakuna aliyenunua kikosi hicho kwa mamilioni.

Na kuna pesa ambayo timu nyingi za mtaa huacha mezani. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda ingine, FIFA inasema asilimia 5 ya bei igawanywe kwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Miaka ya 12 hadi 15 kila msimu ni asilimia 0.25 ya bei yote, na kuanzia 16 ni 0.5. Piga hesabu: kijana akiuzwa Ulaya kwa dola milioni 10, timu iliyokuwa naye misimu minne ya mwanzo inadai dola 100,000. Hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 12, inaweza kununua uwanja, viatu na basi la timu.

Lakini FIFA hufuata rekodi ya usajili, haifuati kumbukumbu ya kocha. Kama timu haijasajiliwa na shirikisho, ama iko lakini haikuandikisha mtoi, hiyo pesa itaenda kwa wengine. Kwa hivyo wikendi hii mtoi akienda mazoezi, mwulize kocha wake kitu moja tu: jina lake liko kwa mfumo wa FKF, na limeandikwa chini ya klabu gani?